Ukibonyeza A Inatoka Q: Mwongozo Kamili wa Kutuliza Kompyuta Yenye Mipangilio Mingi ya Kibodi

Wiki haipiti bila mtu kuingia steshenari kwangu na kibodi kwapani, waya unaning'inia. "Fundi, hii imekufa. Nikibonyeza A inatoka Q." Naichomeka kwenye kompyuta yangu, inaandika vizuri kabisa. Wengine hawaamini hadi waandike majina yao wenyewe. Wapo pia waliokwisha kununua kibodi ya pili, na ya tatu, na tatizo likabaki palepale.

Kibodi haijui herufi. Ukibonyeza kitufe, inatuma namba ya kitufe hicho tu. Kompyuta ndiyo inayotazama jedwali lake na kuamua namba ile iwe A, Q au ش. Jedwali hilo ndilo ninaloliita mpangilio katika mwongozo huu. Kompyuta moja inaweza kuwa na mipangilio mitano kwa wakati mmoja, nayo ikahama kutoka mmoja hadi mwingine kwa kugusa vitufe viwili bila kukusudia.

Wengi hukwama kwa sababu herufi zikivurugika huongeza mpangilio mwingine wakidhani ndiyo dawa. Sisi hapa tutapunguza. Fuata hatua kwa mfuatano wake. Ukiruka ya 2 na ya 3 utakuwa unapapasa gizani.

## Andaa hivi kabla ya kugusa chochote

- Kibodi yenyewe, ikiwa imefutwa vumbi na mbele ya mwanga wa kutosha kusoma vitufe.
- Karatasi na kalamu. Utaandika mpangilio uliopo sasa, ili ukiharibu ujue pa kurudi.
- Simu ya kupigia picha kila skrini unayoibadilisha.
- Nenosiri la akaunti yenye mamlaka ya msimamizi. Bila hilo utaishia hatua ya 6.
- Programu nyepesi ya kuandikia: Notepad kwa wa Windows, Text Editor kwa wa Ubuntu. Usitumie Word kwa majaribio. Word ina tabia zake, tutazifikia.
- Kibodi ya pili ya kuazima, ukiipata. Si lazima, ila inamaliza ubishi haraka.

Kama nenosiri lako lina alama au tarakimu, liandike kwenye karatasi sasa hivi na uiweke karatasi mfukoni. Katikati ya kazi hii watu hujifungia nje ya kompyuta zao.

## Hatua ya 1: Hakikisha ni ugonjwa wa mpangilio

Dalili za mpangilio ni za kudumu: A inatoa Q kila mara, si mara moja moja. Kitufe kinachokataa leo na kukubali kesho ni uchafu au waya. Kitufe kinachotoa herufi tatu kwa mpigo ni kitufe kilichochoka.

Kuna vinyago viwili vinavyofanana na tatizo letu. Cha kwanza ni Sticky Keys, inayoamka ukibonyeza Shift mara 5 mfululizo: Ctrl na Shift zinakuwa kama zimeganda. Cha pili ni Filter Keys, inayoamka ukishikilia Shift ya kulia kwa sekunde 8: kibodi inakuwa nzito, herufi hazitoki hadi ukandamize. Vyote viwili vinazimwa kwenye "Settings", kisha "Accessibility", kisha "Keyboard". Katika Windows 10 sehemu hiyo inaitwa "Ease of Access".

Kama sehemu ya namba upande wa kulia haitoi namba, bonyeza Num Lock mara moja. Hilo halihusiani na mipangilio.

Umefaulu ikiwa: herufi isiyo sahihi inatoka ileile kila ukibonyeza, haraka na bila kuganda. Sasa tuna uhakika na tunachokitafuta.

## Hatua ya 2: Itambue kibodi iliyo mezani, kwa macho

Hatua hii watu huidharau. Kompyuta nyingi zinazouzwa kwetu ni za mtumba, na kibodi inakuja na desturi za nchi ilikotoka. Usiamini boksi wala maneno ya muuzaji. Tazama vitufe.

Herufi sita za kwanza juu kushoto. Zikisomeka QWERTY, ni ya Marekani au Uingereza. Zikisomeka AZERTY, ni ya Ufaransa au Ubelgiji. QWERTZ ni ya Ujerumani na majirani zake.

Marekani au Uingereza? Tazama kitufe cha 2. Kikiwa na @ juu yake, ni ya Marekani. Kikiwa na alama ya kunukuu, ni ya Uingereza, na kitufe cha 3 kitakuwa na £. Kitufe cha Enter pia kinasema: cha Uingereza ni kirefu, kimesimama safu mbili. Cha Marekani kwa kawaida kimelala safu moja.

Ufaransa au Ubelgiji? Wasomaji wa Bujumbura, Bukavu na Lubumbashi, hapa ndipo mnapopotezwa. Herufi ziko sawa, alama haziko sawa. Ile ya Ufaransa imechora @ kwenye kitufe cha 0, ya Ubelgiji imeichora kwenye kitufe cha 2. Mtu akichagua Ufaransa kwa kibodi ya Ubelgiji, barua ataandika vizuri tu. Siku ya kuandika anwani ya barua pepe ndipo atakaposema kibodi imerogwa.

Kuna herufi za Kiarabu pembeni? Kibodi nyingi zinazoletwa kutoka Dubai na Muscat zina herufi mbili kwenye kitufe kimoja. Wino huo haukulazimishi kuweka mpangilio wa Kiarabu. Kama huandiki Kiarabu, uchukulie kama pambo.

Jihadhari na stika. Nimewahi kubandua stika za QWERTY zilizogandishwa juu ya kibodi ya Kijerumani, tena kwa ustadi mkubwa. Hapo umbo la Enter halidanganyi: stika hubadilisha herufi, kitufe chenyewe kinabaki kirefu.

Umefaulu ikiwa: umeandika kwenye karatasi jina moja tu, kwa mfano "Kibodi yangu ni ya Uingereza".

## Hatua ya 3: Andika sentensi ya majaribio

Fungua Notepad. Andika sentensi hii ukitazama vitufe, ukibonyeza kile kilichoandikwa, bila kusahihisha:

Mzee wa kwaya ana ng'ombe 27;

Kisha, mstari wa pili, shikilia Shift na ubonyeze 2, halafu 3.

Nimeichagua kwa sababu ina kila herufi ya Kiswahili inayohama: m, z, w, y, a, ritifaa, tarakimu na nukta mkato. Linganisha ulichopata, ukiwa na kibodi ya QWERTY:

?wee zq kzqyq qnq ngùo,be éèm – kompyuta inafuata mpangilio wa Ufaransa.

Myee wa kwaza ana ngäombe 27ö – inafuata wa Ujerumani. Huu ni hatari kwa Kiswahili kuliko mwingine wowote, maana "nyumba yangu" inageuka "nzumba zangu": neno la kwanza utaliona limeharibika, la pili linapita kama Kiswahili safi cha wingi.

Sentensi iko sawa, ila mstari wa pili umetoa " na £ badala ya @ na # – kibodi ni ya Marekani, kompyuta inafuata Uingereza. Ikiwa kinyume chake, basi kinyume chake.

Mzee wa kwaya ana ngómbe 27; – Soma hatua ya 4, imeandikwa kwa ajili yako.

Herufi za Kiarabu mstari mzima – hakuna cha kukisia.

Mwenye kibodi ya AZERTY ambaye kompyuta yake inafuata Marekani atapata :wee zq kzqyq qnq ng4o;be @&, na mwisho alama nyingine badala ya nukta mkato.

Onyo. Ukigundua uko kwenye mpangilio wa Ufaransa na vitufe vya QWERTY, usiguse Ctrl na Z kurudisha ulichokosea. Kitufe chako cha Z sasa ni W, na Ctrl na W hufunga hati. Nimelipa karo ya somo hili: nilikuwa nachapa kumbukumbu za kikao cha watu, nikabonyeza "kurudisha", dirisha likaniuliza kama nihifadhi, nikajibu hapana kwa pupa. Kurasa nne. Hifadhi kwa kipanya hadi utakapomaliza.

Umefaulu ikiwa: chini ya jina la kwanza umeandika la pili. "Kibodi yangu ni ya Marekani. Kompyuta inafuata Ufaransa." Majina hayo mawili ndiyo utambuzi mzima, yanayobaki ni kuyafanya yawe moja.

## Hatua ya 4: Ritifaa iliyomezwa (ng'ombe anapokuwa ngómbe)

Tatizo hili ni letu sisi tunaoandika Kiswahili, ndiyo maana miongozo ya wengine hailigusi. Unaandika ng'ambo, inatoka ngámbo. Unaandika ng'oa, inatoka ngóa. Au ukibonyeza ritifaa hakitoki kitu, halafu ukibonyeza tena zinatoka mbili.

Kompyuta iko kwenye mpangilio uitwao "United States-International". Humo ritifaa, alama ya kunukuu na nyingine chache hazitoki papo hapo. Zinasubiri herufi inayofuata ili zikae juu yake. Umetengenezwa kwa ajili ya lugha zenye alama juu ya irabu, kama Kifaransa, Kireno na Kihispania. Kiswahili hakina irabu hizo hata moja.

Kwa dharura: bonyeza ritifaa, kisha kitufe cha nafasi, kisha o. Itatoka ng'o. Kwa kudumu: uondoe mpangilio huo katika hatua ya 5 na ubakize "US" mtupu.

Kama unaandika Kifaransa na Kiswahili kwa zamu na unaupenda huo wa kimataifa, ubakize, lakini uwe wa pili kwenye orodha, usiwe wa kwanza.

Na ukiongeza Kiswahili kama lugha ya Windows, usitarajie vitufe vipya. Kiswahili kinakuja na mpangilio wa Marekani uleule. Faida yake iko kwenye kusahihisha tahajia.

## Hatua ya 5: Punguza mipangilio ya Windows

Fungua "Settings", kisha "Time & language", kisha "Language & region". Kwa Windows 10 ni "Language". Utaona orodha ya lugha. Piga picha.

Mtego uko hapa: lugha si mpangilio. Kila lugha ina mfuko wake wa mipangilio ndani. Mtu anaona "English" peke yake, anadhani ana mpangilio mmoja, kumbe ndani ya mfuko huo mna mitatu.

1. Bofya nukta tatu kando ya kila lugha, chagua "Language options". Katika Windows 10, bofya lugha, kisha "Options".
2. Shuka hadi "Keyboards". Andika kwenye karatasi kila unachokikuta.
3. Kama ule unaolingana na kibodi yako haumo, bonyeza "Add a keyboard" uuongeze kwanza. Windows haikubali kuondoa mpangilio wa mwisho uliobaki.
4. Sasa ondoa mingine yote usiyoihitaji, mmoja mmoja.
5. Rudi nyuma. Lugha usiyoiandika kabisa, iondoe nzima.

Kwa nini tusiiache tu? Kwa sababu mpangilio usiotumika haulali. Utaamka siku moja ukigusa Alt na Shift, na itakuwa siku una haraka.

Ukikuta "Remove" imefifia, umebaki na mmoja tu, au hiyo ndiyo lugha ya maonyesho ya Windows. Ongeza nyingine kwanza, au acha lugha na uondoe mipangilio iliyo ndani yake.

Umefaulu ikiwa: umebaki na mpangilio mmoja na kile kialama cha ENG kando ya saa kimetoweka. Windows hukionyesha pale tu penye zaidi ya mmoja. Kama unahitaji miwili, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na cha nafasi: orodha inayojitokeza iwe na miwili, bila wa ziada.

## Hatua ya 6: Funga milango inayojifungua yenyewe

Kama umebaki na mpangilio mmoja, ruka hadi ya 7. Hatua hii ni ya walimu wa madrasa, wakalimani, na steshenari kama yangu.

Njia za mkato. Alt ya kushoto na Shift huhamisha lugha. Ctrl na Shift huhamisha mpangilio ndani ya lugha. Anayechapa kwa kasi huvigusa bila kujua. Nenda "Time & language", "Typing", "Advanced keyboard settings", kisha "Input language hot keys". Chagua "Between input languages", bonyeza "Change Key Sequence", weka "Not Assigned" pande zote mbili. Kitufe cha Windows na cha nafasi kitaendelea kufanya kazi, na hicho ni vigumu kukigusa kwa bahati mbaya.

Kila dirisha na lake. Palepale "Advanced keyboard settings" kuna "Let me use a different input method for each app window". Ikiwa na tiki, Notepad inaweza kuwa Kiingereza huku kivinjari kiko kwenye Kiarabu. Wapo wanaoipenda. Mimi naiondoa kwa kila mteja, maana mtu hakumbuki aliacha nini wapi.

Word. Kama Notepad iko sawa na Word inavuruga, mkosaji ni huyu: "File", "Options", "Advanced", tafuta "Automatically switch keyboard to match language of surrounding text", ondoa tiki. Word ilikuwa ikiona aya ya Kifaransa inakubadilishia mpangilio kwa wema wake.

Mwandiko umehamia kulia. Mwenye Kiarabu kwenye kompyuta akigusa Ctrl ya kulia na Shift ya kulia, aya nzima inahamia upande wa kulia, hata ikiwa ni ya Kiswahili, na nukta ya mwisho inakaa mwanzoni. Dawa ni Ctrl ya kushoto na Shift ya kushoto. Ustadhi mmoja alikuwa akifuta khutba yake na kuianza upya kila ilipohama. Alipoonyeshwa vitufe hivi viwili alinitazama kwa muda mrefu bila kusema neno.

Umefaulu ikiwa: umebonyeza Alt na Shift mara kumi na sentensi ya majaribio bado inatoka ilivyo.

## Hatua ya 7: Skrini ya kuingilia

Unaandika vizuri mchana kutwa, asubuhi kompyuta inakataa nenosiri. Skrini ya kuingilia ina mpangilio wake tofauti na wa akaunti yako, na yote uliyofanya hadi sasa hayajaigusa.

Ukiwa umefungiwa nje sasa hivi: tazama pembe ya chini kulia, kama kuna ENG au FRA bofya ubadilishe. Andika nenosiri, kisha bonyeza kijicho kilicho pembeni ya kisanduku uone kinachotoka kweli. Kijicho kisipokuwepo, bofya alama ya huduma za ufikivu na uwashe "On-Screen Keyboard", uandike kwa kipanya. Tarakimu ziandike kwenye sehemu ya namba upande wa kulia. Hizo hazijali kama ni Ufaransa au Marekani.

Usijaribu kubahatisha mara kumi. Akaunti nyingi za ofisi hujifunga baada ya makosa kadhaa, na hapo utamhitaji msimamizi.

Ukishaingia: bonyeza Windows na R, andika intl.cpl, Enter. Nenda kichupo cha "Administrative", bonyeza "Copy settings". Juu utaona mpangilio wa akaunti yako na wa skrini ya kuingilia. Hapo ndipo watu wengi huona kwa mara ya kwanza kwamba haifanani. Tia tiki kwenye "Welcome screen and system accounts" na kwenye "New user accounts". Kubali, washa kompyuta upya.

Onyo. Fanya hivi baada ya hatua ya 5, si kabla. Kinachofanyika ni kunakili: ukinakili vurugu, vurugu inahamia hadi mlangoni.

Umefaulu ikiwa: kompyuta imewaka upya na nenosiri limekubali kwa mara ya kwanza, bila kijicho.

## Hatua ya 8: Mpangilio mzimu

Umeuondoa, umerudi. Au unaonekana ukibonyeza Windows na nafasi, lakini kwenye "Settings" haumo. Jaribu kwa utaratibu huu, na usimame pale utakapofaulu.

Kwanza, uongeze halafu uuondoe. Inaonekana kama mzaha lakini ndiyo inayofaulu mara nyingi. Kama mzimu ni "United Kingdom", nenda "Add a keyboard", uuongeze waziwazi, subiri kidogo, kisha uuondoe. Windows inafuta ile rekodi iliyobaki nusu.

Pili, tafuta anayeurudisha. Kama unatumia akaunti moja ya Microsoft kwenye kompyuta mbili, lugha husafiri kati yao. Nenda "Accounts", "Windows backup", chini ya "Remember my preferences" uzime "Language preferences". Kwa Windows 10 tazama "Sync your settings". Anayeingia kwenye kompyuta nyingine kwa mbali pia hubeba mpangilio wake hadi huko. Hapo rekebisha ile unayoitumia mkononi.

Tatu, rejista, yaani ghala la kumbukumbu za ndani za Windows. Bonyeza Windows na R, andika regedit. Fika hapa:

HKEY_CURRENT_USER\Keyboard Layout\Preload

Kabla ya kugusa, bofya kulia kwenye "Preload", chagua "Export", hifadhi. Ndani utakuta 1, 2, 3, kila moja na namba yake: 00000409 ni Marekani, 00000809 Uingereza, 0000040c Ufaransa, 0000080c Ubelgiji, 00000407 Ujerumani, 00000401 Kiarabu, 00020409 ule wa kimataifa unaomeza ritifaa. Futa wa mzimu, na uhakikishe iliyobaki inaanzia 1 bila pengo. Kisha tazama sehemu yenye jina hilohilo chini ya HKEY_USERS\.DEFAULT, ambayo ndiyo ya skrini ya kuingilia. Ukikuta namba inayoanza na d, fungua "Substitutes" iliyo jirani. Ndiyo inayosema d hiyo inasimama badala ya nani.

Nne, fagia yote. Fungua PowerShell, dirisha la kuandikia amri za Windows, na uandike:

Set-WinUserLanguageList en-US -Force

Orodha nzima ya lugha inafutwa, inabaki Kiingereza cha Marekani na mpangilio wake. Mwenye kibodi ya Uingereza aandike en-GB. Kiarabu chako, Kiswahili chako, vyote vinaondoka kwenye orodha. Utavirudisha kimoja kimoja kwa hatua ya 5. Kama mpangilio wako wa sasa umevurugika kiasi cha kushindwa kuandika kistari, nakili amri hii kutoka hapa kwa kipanya.

Umefaulu ikiwa: umezima, umewasha, na orodha ya Windows na nafasi bado ni fupi kama ulivyoiacha.

## Kwa wa Ubuntu

Mambo ni machache, na yako wazi zaidi. "Settings", "Keyboard", sehemu ya "Input Sources". Wa juu kabisa kwenye orodha ndio unaoanza nao. Ongeza sahihi, uvute juu, ondoa wengine. Hapohapo chagua chanzo kimoja kwa madirisha yote. Kubadilisha ni Super (kitufe chenye alama ya Windows) na nafasi. Ule unaomeza ritifaa hapa unaitwa "English (US, intl., with dead keys)".

Kama mpangilio unahama na hujui kwa nini, fungua terminali uone kuna njia gani ya mkato iliyofichwa:

gsettings get org.gnome.desktop.input-sources xkb-options

Ukiona grp:alt_shift_toggle, ni Alt na Shift. Kuifuta:

gsettings reset org.gnome.desktop.input-sources xkb-options

Miongozo mingi ya zamani inakuelekeza kutumia setxkbmap. Kwenye Wayland, mfumo wa kuchora madirisha unaotumiwa na Ubuntu ya siku hizi, amri hiyo haitengenezi kitu cha kudumu, usipoteze muda nayo.

Skrini ya kuingilia inasoma faili ya mfumo. Irekebishe hivi, ujibu maswali, kisha uwashe upya:

sudo dpkg-reconfigure keyboard-configuration

Thibitisha kwa kuandika localectl status. Mstari wa "X11 Layout" useme us, gb, fr, be, de au ara, kulingana na karatasi yako ya hatua ya 2. Ukikuta wawili wametenganishwa kwa koma, wa kwanza ndiye mwenye zamu ya kwanza.

Atakayekuta "Swahili (Tanzania)" na "Swahili (Kenya)" kwenye orodha asishangae, ipo kweli. Ukiwa na kibodi ya QWERTY ya kawaida, huihitaji ili kuandika Kiswahili.

## Kabla hujainuka

Zima kompyuta kabisa, usiilaze. Iwashe. Ingia. Fungua Notepad uandike sentensi ya mzee wa kwaya, kisha kwenye kivinjari, kisha Word. Bonyeza Shift na 2. Zikitoka sawa mara zote tatu, chukua kipande cha karatasi, andika jina la mpangilio ulioubakiza, ubandike kwa selotepu chini ya skrini. Kwangu mashine ya dirishani imeandikwa "Marekani tu, usiongeze", kwa maandishi makubwa, kwa sababu kijana wa zamu ya jioni anapenda kuongeza.